Mwanga Unaopima: Historia ya Leza Katika Magofu ya Kilwa na Mifupa ya Lindi

Wajenzi wa Kilwa Kisiwani waliacha vipimo vyao ndani ya kuta zenyewe, si kwenye karatasi. Katika mwambao wa Waswahili fundi alipima kwa viungo vya mwili: wanda, yaani upana wa kidole; shibiri, yaani urefu kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho kiganja kinapotanuliwa; dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ambayo ni sawa na shibiri mbili na hukaribia sentimita 46; wari, ambayo ni dhiraa mbili; na pima, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambayo ni dhiraa nne. Upana wa chumba haukuamuliwa na matakwa ya mwenye nyumba peke yake, kwa kuwa dari la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, nazo boriti hizo hazihimili mzigo huo mzito zinapotakiwa kuvuka nafasi inayozidi takriban mita tatu. Ndiyo maana vyumba vingi vya mawe katika miji ya mwambao ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana pia mafundi wa Kilwa, walipotaka ukumbi mpana wa ibada, walilazimika kupanga nguzo, matao na kuba. Mtu apimaye jengo la Kilwa leo, kwa chombo chochote kile, anakisoma upya kipimo kilichokwisha kuwekwa na mkono wa mtu mwingine.

Majengo yenyewe hayakusimama katika umbo moja. Msikiti Mkuu ulianza katika karne ya 11 kama jengo dogo kiasi, likapanuliwa kuelekea kusini kwa sehemu pana yenye kuba, sehemu hiyo ikaporomoka, kisha ikajengwa tena katika karne ya 15 kwa nguzo za mawe zenye pembe nane. Ikulu ya Husuni Kubwa, iliyojengwa juu ya ukingo wa bahari mashariki mwa mji, inahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa mwanzoni mwa karne ya 14, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Ina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea lenye pembe nane. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, wakajenga ngome na kuiacha baada ya miaka michache, na ngome iitwayo Gereza, inayoonekana sasa ufukweni, ilipata umbo lake baadaye, katika enzi ya Waomani. Kwa hiyo ukuta mmoja unaweza kuwa na tabaka za karne nne au tano, kila tabaka na unene wake, na mpimaji asiyezitofautisha hujikuta akichora jengo ambalo halikuwahi kuwepo.

Upimaji wa kitaalamu ulianza kwa uzito katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Neville Chittick, aliyeteuliwa mwaka 1957 kuwa msimamizi wa mambo ya kale wa Tanganyika na baadaye akawa mkurugenzi wa Taasisi ya Uingereza ya Historia na Akiolojia katika Afrika Mashariki, alichimba Kilwa kwa misimu kadhaa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1974 katika majuzuu mawili. Peter Garlake, ambaye alikuwa msanifu majengo kabla ya kuwa mwanaakiolojia, alichapisha mwaka 1966 kitabu kuhusu usanifu wa awali wa Kiislamu katika mwambao wa Afrika Mashariki, na michoro yake ya misikiti na nyumba za mawe bado inatumiwa na watafiti. Vyombo vyao vilikuwa vile vya wapimaji wote wa wakati huo: futikamba, timazi, pima maji, na darubini ya kupimia pembe iitwayo theodolaiti.

Michoro hiyo ni kazi bora, lakini ina ukomo uliotokana na vyombo vyenyewe. Ramani ya jengo huonyesha kuta kana kwamba zimekatwa kwa kisu katika kimo kimoja, kwa kawaida kimo cha kiuno au cha dirisha, na huziunganisha kona kwa mistari iliyonyooka. Ukuta wa matumbawe uliokaa miaka 600 katika upepo wa bahari haukunyooka. Umeegemea, umevimba katikati, umeliwa na chumvi upande mmoja na kung’olewa na mizizi ya miti upande mwingine. Kuba nayo hupimwa kwa nukta chache, kilele na kingo, kisha sehemu iliyobaki hukamilishwa kwa bikari. Mchoraji wa namna hiyo hupima nukta mia chache na kuamua mwenyewe zipi ni muhimu, hivyo hukumu yake imo ndani ya mchoro tangu mwanzo, na msomaji hana njia ya kurudi nyuma kuona kile kilichoachwa.

Chombo kilichobadilisha hali hiyo kina asili mbali na akiolojia. Mwaka 1917 Albert Einstein alieleza kwa hesabu kwamba atomu iliyopewa nishati inaweza kuchochewa na mwanga itoe mwanga mwingine unaofanana nao kabisa. Mwaka 1958 Charles Townes na Arthur Schawlow walichapisha kanuni za kutumia jambo hilo kwa mwanga unaoonekana. Na tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman, katika maabara ya kampuni ya Hughes huko California, aliwasha leza ya kwanza kwa kutumia kipande cha yakuti bandia. Leza ni mwanga wa rangi moja ambao mawimbi yake huenda kwa mpangilio mmoja na mwonzi wake hautawanyiki upesi, na sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyowavutia wapimaji, kwa sababu doa la mwanga mdogo na mkali linaweza kuelekezwa mahali pamoja tu na kurudi na habari za mahali hapo pekee.

Zipo njia kuu mbili za kupima kwa leza, na tofauti yake ni ya lazima kwa mtu anayetaka kuelewa kilichofanyika Kilwa na kilichofanyiwa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Lindi. Njia ya kwanza ni ya pembe. Mstari wa leza hutupwa juu ya kitu, na kamera iliyowekwa kando huutazama kutoka upande mwingine. Palipo na bonde mstari huonekana kupinda, na kwa kuwa umbali kati ya leza na kamera unajulikana, kina cha bonde hupatikana kwa hesabu ya pembetatu, hesabu ile ile ambayo wapimaji ardhi wameitumia kwa karne nyingi. Njia hii hufaa sana kwa vitu vya karibu na ndiyo iliyoenea viwandani. Watengenezaji wa matairi huitumia kukagua kama tairi ni duara kamili, kama ubavu wake una uvimbe, na kama mifereji ya usoni mwake ina kina kinachotakiwa. Vipo pia vifaa vinavyolazwa barabarani ambavyo gari hupita juu yake, mistari ya leza ikasoma mifereji hiyo na kutambua tairi linalokaribia kuwa kipara, kwa mujibu wa sheria ya Ulaya ambayo hairuhusu kina kushuka chini ya milimita 1.6 katika magari madogo. Uso mweusi wa mpira, unaomeza mwanga badala ya kuurudisha, uliwasumbua wabunifu wa vifaa hivyo kwa muda mrefu, na tatizo la namna hiyo lilikuwa likiwasubiri pia wapimaji wa magofu, ambako jiwe lililoota kuvu jeusi hukaa kando ya chokaa nyeupe iliyopigwa na jua.

Njia ya pili ni ya muda. Chombo hutoa mpigo mfupi wa leza, husubiri urudi, na kuhesabu muda uliopita. Mwanga husafiri takriban sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, hivyo ukuta ulio mita 15 kutoka kwenye chombo hurudisha mwanga baada ya sehemu moja tu ya milioni kumi ya sekunde, na mtu anayetaka usahihi wa milimita moja hana budi kuwa na saa inayotambua muda usiofika sehemu saba za trilioni ya sekunde. Kioo kinachozunguka huelekeza mwonzi juu na chini huku kichwa cha chombo kikigeuka taratibu, na kwa kila mpigo hupatikana nukta moja yenye urefu, upana na kimo chake. Mamilioni ya nukta hizo kwa pamoja huitwa wingu la nukta.

Aliyekitoa chombo cha aina hiyo maabara na kukipeleka uwandani ni Ben Kacyra, mhandisi wa ujenzi aliyezaliwa Mosul, Iraki, ambaye utotoni alipelekwa na baba yake kuyaona mabaki ya mji wa kale wa Ninawi ulio jirani. Alihamia Marekani na kuanzisha kampuni ya uhandisi iliyoshughulikia, pamoja na mambo mengine, mitambo ya nyuklia, na hapo alikutana na tatizo lisilo na uhusiano wowote na mambo ya kale: mabomba ya mtambo hayakuwa mahali ambapo michoro ilisema yapo. Mafundi walikuwa wameyapindisha wakati wa kujenga ili yapishane, na mhandisi aliyetaka kubadilisha bomba moja alilazimika kupima upya msitu mzima wa mabomba kwa mikono. Katika miaka ya 1990 Kacyra, pamoja na Jerry Dimsdale, aliunda kampuni ya Cyra Technologies ili kutengeneza chombo cha kubebeka ambacho kingepima kitu kikubwa chote kwa mipigo ya leza. Leza ndogo ilitokana na utafiti wa Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, na saketi ya kuhesabu muda ilitokana na maabara ya taifa ya Los Alamos. Hataza ya mfumo huo ilitolewa na serikali ya Marekani mwezi Novemba 1999, na mwaka 2001 kampuni hiyo ikaingia mikononi mwa Leica Geosystems ya Uswisi.

Mwaka huo huo wa 2001 serikali ya Taliban iliyalipua masanamu makubwa ya Buddha katika bonde la Bamiyan, Afghanistan. Kacyra, ambaye sasa alikuwa na mali na hakuwa tena na kampuni ya kuendesha, aliona kwamba chombo chake kingeweza kuhifadhi umbo la vitu vya aina hiyo kabla havijaangamia, na mwaka 2003 yeye na mkewe Barbara walianzisha shirika lisilo la faida liitwalo CyArk. Mfano uliomthibitishia Kacyra hoja hiyo ulitoka Afrika Mashariki. Makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoko Kasubi, Kampala, yaliyokuwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, yalipimwa kwa leza mwaka 2009, na tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea kwa moto. Vipimo vilibaki. Hata hivyo yafaa kusema wazi kwamba nyumba hiyo haikurudishwa na wingu la nukta. Iliinuliwa tena kwa miaka mingi na waezekaji na wazee wa Buganda wanaojua nyasi zipi zikatwe, zifungwe vipi na nani mwenye haki ya kuzipandisha, na hakuna leza iliyowahi kupima maarifa hayo.

Kilwa ilifikiwa na mkondo mwingine wa kazi hiyo, uliotokea kusini. Heinz Rüther, profesa wa sayansi ya upimaji katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alikuwa ameshafanya kazi Tanzania katika miaka ya 1990, pale Taasisi ya Uhifadhi ya Getty na Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania zilipochimbua tena na kuhifadhi nyayo za Laetoli, karibu na Olduvai, ambazo zina umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Huko alitumia fotogrametria, yaani ustadi wa kupata vipimo kutokana na picha mbili au zaidi za kitu kimoja zilizopigwa kutoka pande tofauti. Mwaka 2004 alianzisha mradi wa kurekodi maeneo ya urithi ya Afrika, uliofadhiliwa hapo mwanzo na Wakfu wa Andrew W. Mellon wa Marekani na ambao baadaye ulipewa jina la Mradi wa Zamani. Kilwa Kisiwani na mji jirani wa Songo Mnara zilikuwa miongoni mwa maeneo ya mapema ya mradi huo, sambamba na Lalibela, Timbuktu, Djenné, Lamu na Zimbabwe Kuu.

Wakati ulikuwa mwafaka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, lakini mwaka 2004 UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikila ufuko mbele ya Gereza na chini ya majumba ya pwani, mikoko iliyokuwa ikizuia mawimbi ilikatwa, na mimea ilikuwa ikipasua kuta. Ukarabati uliosaidiwa na Ufaransa na Japani ulikuwa umeanza mwanzoni mwa muongo huo. Ukarabati usio na vipimo vya awali una hatari yake, maana fundi akishajaza chokaa kwenye ufa, mtu wa baadaye hawezi kujua ufa ulikuwa wapi wala ulikuwa na upana gani, na tofauti kati ya kazi ya karne ya 15 na ya karne ya 21 hupotea taratibu chini ya lipu moja.

Kazi yenyewe katika gofu huenda kwa utaratibu ambao ni rahisi kuueleza na mgumu kuutimiza. Chombo husimamishwa juu ya miguu mitatu na kupima kila kitu kinachoonekana kutoka hapo. Kisha huhamishwa, kwa kuwa leza haizunguki nguzo wala haipenyi ukuta, na kila kilichojificha nyuma ya kitu kingine hubaki kuwa kivuli kisicho na nukta. Katika Msikiti Mkuu, wenye nguzo nyingi na kuba zinazofuatana, kila nguzo huficha sehemu ya nyingine, hivyo vituo vya kupimia huwa vingi na karibu karibu. Mawingu ya vituo hivyo huunganishwa kwa kompyuta, ambayo hutafuta sehemu zilizopimwa mara mbili na kuzilaza moja juu ya nyingine mpaka tofauti iwe ndogo iwezekanavyo. Kosa dogo katika kila kiungo huweza kukusanyika, na jengo refu kama Husuni Kubwa likaishia kupinda kidogo kwenye kompyuta ingawa halikupinda ardhini. Ndipo vyombo vya kale hurudi kazini, kwani wapimaji huweka nukta thabiti zilizopimwa kwa njia ya kawaida na kwa satelaiti, ili ziwe mhimili wa kuzuia upotofu huo. Baada ya hapo nukta huunganishwa kwa pembetatu ndogo ndogo mpaka uso kamili upatikane, na picha zikavikwa juu yake ili rangi ya jiwe ionekane.

Kisiwani kuna matatizo ambayo kiwanda cha matairi hakina. Vifaa hufika kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, jua la mchana hudhoofisha mwanga unaorudi, na mimea ni adui mkubwa kuliko vyote, kwa sababu leza haijui jani ni nini. Jani lililo mbele ya ukuta hupimwa kwa uaminifu ule ule wa ukuta, na likitikiswa na upepo huacha nukta zinazoelea hewani ambazo lazima zifutwe na jicho la mtu. Hapo ndipo hukumu ambayo ilidhaniwa kuondolewa na mashine hurudi kwa mlango wa nyuma. Mtu huamua kipi ni ukuta na kipi ni mzizi, hujaza matundu ya vivuli au huyaacha wazi, na uso laini unaoonekana mwishoni huwa na sehemu zilizopimwa na sehemu zilizokisiwa, ambazo mtazamaji wa kawaida hazitofautishi.

Pamoja na hayo faida iliyopatikana ni kubwa na haipaswi kupunguzwa. Mhandisi anaweza sasa kukata ukuta wa Gereza au wa jumba la Makutani mahali popote katika kompyuta na kuona umeegemea kiasi gani; kuba za msikiti mwingine wa Kilwa, mdogo, wenye vyumba tisa vya kuba na matao zinaweza kulinganishwa zenyewe kwa zenyewe, jambo ambalo bikari ya mchoraji ililificha kwa kuzifanya zote zifanane. Kuba hizo zilijengwa na mafundi waliokadiria kwa jicho na kamba, na kupotoka kwake ni ushahidi wa namna walivyofanya kazi. Katika hali ya namna hii mchoro uliosahihishwa sana huwa na habari chache kuliko ukuta uliopinda. Mwaka 2014, baada ya ukarabati zaidi ambao shirika la World Monuments Fund lilishiriki kwa msaada wa serikali ya Marekani, UNESCO iliyaondoa magofu hayo katika orodha ya hatari.

Songo Mnara inaonyesha upande ambao leza haifiki. Mji huo wenye ukuta, ulio kusini mwa Kilwa Kisiwani, ulistawi kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16 na una zaidi ya nyumba 40 za mawe pamoja na misikiti kadhaa. Tangu 2009 Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher waliongoza utafiti uliouliza swali kuhusu nafasi zilizo wazi kati ya nyumba, ambapo leza huona ardhi tupu tu. Vipimo vya sumaku ya ardhini, uchunguzi wa kemikali za udongo na uchimbaji vilionyesha kwamba uwanja huo ulikuwa mahali pa makaburi, pa shughuli na pa nyumba za udongo zilizoyeyuka. Jiwe hudumu na kupimika, udongo huyeyuka, na historia ya mwambao iliyoandikwa kwa kufuata vipimo vya mawe peke yake imekuwa kwa muda mrefu historia ya wenye majumba.

Kilomita zipatazo 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kwenye kilima cha Tendaguru, kuna kisa kingine cha upimaji ambacho matokeo yake yanashangaza zaidi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler aliyaona mabaki ya mifupa mikubwa mahali hapo, katika nchi iliyokuwa bado imo ndani ya vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Kati ya 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin liliendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Mamia ya wafanyakazi wa Kiafrika, ambao msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, walichimba, wakafunga mifupa kwa udongo na mianzi, na kuibeba kichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Uzito wa vilivyosafirishwa ulizidi tani 200. Kutokana na mifupa hiyo kiliundwa mwaka 1937 kiunzi kamili cha mnyama ambaye Janensch alimwita Brachiosaurus brancai, na ambaye sasa wataalamu humwita Giraffatitan, aliyeishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Baada ya kiunzi hicho kuundwa upya mwaka 2007 kimo chake ni mita 13.27.

Mnyama huyo alikuwa na uzito gani? Mwaka 1962 Edwin Colbert alitumia sanamu ndogo ya mnyama, akaizika katika mchanga ili apate ujazo wake, na kufikia tani 78.26. Mwaka 1995 kundi la Hanns-Christian Gunga huko Berlin lilipima mifupa iliyosimamishwa kwa fotogrametria na kupata tani 74.4. Kundi hilo hilo likarudi na skana ya leza, likajenga upya umbo la mwili kwa kufuata maumbo ya wanyama walio hai, na mwaka 2008 likatangaza tani 38. Mwaka 2012 kundi lililoongozwa na William Sellers wa Manchester lilitumia wingu la nukta la mifupa ile ile kwa njia isiyomwachia mchoraji uhuru mwingi: kompyuta iliifunika kila sehemu ya mifupa kwa ngozi ya kihisabati iliyobana kadiri iwezekanavyo, ujazo huo ukazidishwa kwa 1.21, kiwango kilichotokana na mamalia 14 wakubwa ambao uzito wao unajulikana, na jibu likawa tani 23.2.

Mnyama mmoja, mifupa ile ile, na katika miaka 50 uzito wake umepungua hadi chini ya theluthi moja. Mifupa yenyewe haikubadilika kwa kiasi hicho, na usahihi wa leza wa milimita hauelezi tofauti ya makumi ya tani. Kilichobadilika ni nyama, yaani dhana kuhusu unene wa shingo, ukubwa wa tumbo na nafasi za hewa ndani ya mwili, mambo ambayo hakuna chombo kilichowahi kuyagusa. Tena kiunzi hicho kilichoundwa Berlin hakikutoka kwa mnyama mmoja kikamilifu. Sehemu zake zilikopwa kwa wanyama wengine na nyingine zilifinyangwa kwa plasta, na leza huipima plasta kwa uaminifu ule ule inaopima mfupa. Mchango wa Sellers na wenzake, kwa mtazamo huu, hauko katika kupata namba ndogo, bali katika kutenga waziwazi kilichopimwa na kilichodhaniwa na kuifunga dhana hiyo katika namba moja, 1.21, ambayo mtu mwingine anaweza kuibadilisha na kuhesabu upya. Wingu la nukta la Kilwa bado halina namba ya namna hiyo. Mtazamaji wake hawezi kubonyeza mahali akaambiwa hapa palipimwa na hapa palijazwa.

Mnyama mwingine wa Tendaguru, Kentrosaurus, mwenye miiba mgongoni na mkiani, ambaye Hennig alimpa jina mwaka 1915, alipimwa kwa leza mfupa mmoja mmoja akiwa Berlin, Ujerumani, na Heinrich Mallison akayaunganisha maumbo hayo katika kompyuta ili kuchunguza mkia ungeweza kupinda kiasi gani. Kazi ya aina hiyo haihitaji tena kusafirisha mifupa, na mjadala wa Tanzania kuhusu masalia ya Tendaguru, ambao kwa miaka mingi umehusu kurejeshwa au kutorejeshwa kwa vitu vyenyewe, umeongezewa suala jipya la nani mwenye vipimo. Vipimo vya Kilwa vilikusanywa na chuo cha Afrika Kusini kwa fedha za Marekani; vya Kasubi vimetunzwa na shirika la California; vya mifupa ya Lindi viko Ujerumani na Uingereza. Mafaili hayo ni makubwa, huhitaji programu ghali na kompyuta zenye nguvu, na miundo yake huchakaa upesi kuliko karatasi ya Garlake, ambayo baada ya nusu karne bado inafunguka na kusomeka bila umeme. Fundi wa chokaa aliyeko Kilwa Kisiwani, anayetakiwa kuziba ufa kabla ya masika, anahitaji mchoro mmoja wa mkato wa ukuta huo, uliochapwa kwa kipimo kinachosomeka kwa futikamba na wenye alama ya nukta thabiti ambayo anaweza kuipata ardhini.